Uzi: Kukompaili GIMP 3 kutoka msimbo chanzo kwenye Debian 12 bila kuvuruga mfumo

#1 SeremalaWaKodi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wenye kompyuta ya mezani yenye Debian 12 (mfumo wa Linux) wanaotaka GIMP 3, programu ya kuhariri picha, kwa kuikompaili, yaani kuijenga wenyewe kutoka msimbo wake. GIMP 3.0 ilitoka tarehe 16 Machi 2025, lakini Debian 12 imebaki na 2.10.34, kwa sababu toleo imara la Debian likishatoka, programu zake huzibwa matundu ya usalama na kurekebishwa makosa makubwa tu, hazipandishwi. Aliyekwisha kuhamia Debian 13 asihangaike na haya: 3.0.4 imo kwenye hazina yake, `apt install gimp` inamtosha. Wa Ubuntu 24.04 wana 2.10.36, nao wanaweza kufuata hatua hizi, tofauti nitazitaja.

Kabla ya amri yoyote, tukubaliane hili: kila tutakachojenga kinakaa kwenye folda moja ndani ya nyumba yako, `~/gimp3`. Hatugusi `/usr`, wala `/usr/local`. GIMP 3 inasimama juu ya maktaba mbili za ukoo wake: babl, inayobadilisha miundo ya rangi, na GEGL, inayochakata picha yenyewe. Zilizomo Debian 12 ni za zamani kuliko GIMP 3 inavyotaka. Ukizijenga mpya na kuziweka `/usr/local`, mfumo huzitafuta huko kwanza kabla ya `/usr/lib`, kwa hiyo hata GIMP 2.10 uliyoiweka kwa apt itabeba GEGL ambayo haikujengewa. Hapo unabaki na GIMP mbili na hujui ipi imevunjwa na nini.

Nafasi: tenga GB 5 za diski. RAM ya GB 4 inatosha ukidhibiti idadi ya kazi za kompaila.

Vifaa. Fungua `/etc/apt/sources.list` uhakikishe mistari ya `deb-src` ipo na haina alama ya `#` mwanzoni. Kwa Ubuntu 24.04 faili ni `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources`; badilisha `Types: deb` iwe `Types: deb deb-src`. Kisha:

```
sudo apt update
sudo apt build-dep gimp
sudo apt install build-essential meson ninja-build pkg-config \
  gettext xsltproc desktop-file-utils iso-codes \
  libgtk-3-dev libgirepository1.0-dev gobject-introspection \
  python3-gi gir1.2-gtk-3.0 libjson-glib-dev libgexiv2-dev \
  liblcms2-dev librsvg2-dev libpoppler-glib-dev poppler-data \
  libmypaint-dev mypaint-brushes libappstream-dev appstream \
  libarchive-dev libtiff-dev libwebp-dev libheif-dev \
  libbz2-dev liblzma-dev libxmu-dev glib-networking
```

Amri ya `build-dep` peke yake haitoshi. Inaleta mahitaji ya GIMP iliyomo kwenye hazina, yaani 2.10 iliyojengwa juu ya GTK 2, maktaba ya madirisha na vitufe. GIMP 3 ni ya GTK 3, ndiyo maana kuna orodha ya pili.

Mazingira. Tengeneza faili `~/mazingira-gimp3.sh`:

```
export PREFIX="$HOME/gimp3"
export PATH="$PREFIX/bin:$PATH"
export PKG_CONFIG_PATH="$PREFIX/lib/pkgconfig:$PREFIX/share/pkgconfig"
export LD_LIBRARY_PATH="$PREFIX/lib"
export GI_TYPELIB_PATH="$PREFIX/lib/girepository-1.0"
export XDG_DATA_DIRS="$PREFIX/share:${XDG_DATA_DIRS:-/usr/local/share:/usr/share}"
```

Kila unapofungua terminali ya kujengea, anza na `. ~/mazingira-gimp3.sh`. Usiitie kwenye `.bashrc`. `LD_LIBRARY_PATH` ya kudumu itazifuata programu nyingine zote utakazoziwasha kutoka terminali, ikiwemo ile GIMP 2.10.

Kupakua. Msimbo wote uko download.gimp.org, kwenye folda za `gimp/v3.0`, `babl/0.1` na `gegl/0.4`. Pakua GIMP kwanza ingawa itajengwa mwisho, maana yenyewe ndiyo itakayokuambia inataka babl na GEGL za namba gani:

```
wget -c https://download.gimp.org/gimp/v3.0/gimp-3.0.4.tar.xz
tar xf gimp-3.0.4.tar.xz
grep minver gimp-3.0.4/meson.build | head -40
```

Tazama `babl_minver` na `gegl_minver`, kisha kwenye folda za babl na GEGL chukua namba hiyo hiyo au inayofuata. Kila folda ina faili la SHA256SUMS. Linganisha na `sha256sum` kabla ya kufungua. Faili lililokatika njiani mara nyingine hufunguka nusu, kisha linakupa kosa la ajabu katikati ya ujenzi.

Kujenga. Utaratibu ni babl, GEGL, GIMP. Haupinduliwi. Meson husanidi ujenzi, ninja huuendesha.

```
cd babl-0.1.*/
meson setup _build --prefix="$PREFIX" --libdir=lib \
  --buildtype=release -Dwith-docs=false
ninja -C _build && ninja -C _build install

cd ../gegl-0.4.*/
meson setup _build --prefix="$PREFIX" --libdir=lib \
  --buildtype=release -Ddocs=false
ninja -C _build && ninja -C _build install

pkg-config --modversion babl-0.1 gegl-0.4

cd ../gimp-3.0.4/
meson setup _build --prefix="$PREFIX" --libdir=lib \
  --buildtype=release -Dgi-docgen=disabled -Dheadless-tests=disabled
ninja -C _build && ninja -C _build install
```

Ile amri ya `pkg-config` katikati si pambo. Ikikujibu namba za zamani za Debian badala ya ulizojenga, simama hapo hapo. Usiende kwenye GIMP.

`--libdir=lib` nimeiweka kwa makusudi. Kwenye Debian, Meson isipoambiwa huweka maktaba ndani ya `lib/x86_64-linux-gnu`, na kwenye Fedora ndani ya `lib64`. Watu wengi wananakili vigeu vya mazingira kutoka kwa mtu wa mfumo mwingine, wanashangaa GEGL waliyoijenga dakika tano zilizopita haionekani.

Na hakuna `sudo` kwenye `install`. Sudo inafuta `LD_LIBRARY_PATH` yako na kuacha mafaili ya root ndani ya `_build`, kisha ujenzi unaofuata unakataa kwa `Permission denied`.

Ukimaliza: `gimp-3.0 -v`. Mipangilio yake inakaa `~/.config/GIMP/3.0`, mbali na ya 2.10, hivyo zinaishi pamoja bila kugombana.

#2 TuxWaKiunguja

Mkuu Seremala, maelezo yamenyooka. Swali la haki: kwa nini mtu asichukue Flatpak (kifurushi kilichojengwa tayari) akamaliza? Na kama mtu anataka kufuata git, yaani kuchukua msimbo moja kwa moja kwenye hazina ya wasanidi, umeipita kimya.

#3 SeremalaWaKodi

Mkuu Tux, kama lengo ni kuhariri picha tu, chukua Flatpak, kifurushi ni `org.gimp.GIMP`. Sitamshauri mpiga picha mwenye kazi ya wateja akompaili. Jiandae tu kwa bando: mara ya kwanza inakuja pamoja na msingi wa GNOME, ambao ni mkubwa kuliko GIMP yenyewe.

Kukompaili kunahitajika pale unapotaka kubadilisha kitu ndani: kujaribu kiraka cha kosa uliloliripoti, kuandika plagini ya C, kutafsiri menyu na kuona maneno yako yanakaa vipi kwenye dirisha, au kuwasha sehemu ambayo kifurushi cha wengine kimeizima. Kwa kazi ya aina hiyo badilisha `--buildtype=release` iwe `debugoptimized`. Programu ikianguka, ripoti yako itakuwa na majina ya faili na namba za mistari, na msanidi anaweza kuifanyia kazi.

Git nimeiacha kwa sababu ya mtandao. `git clone` ikikatika katikati haiendelei ilipoishia, inaanza upya. `wget -c` inaendelea. Mwenye mtandao usioyumba:

```
git clone --depth=1 --branch GIMP_3_0_4 \
  --recurse-submodules --shallow-submodules \
  https://gitlab.gnome.org/GNOME/gimp.git
```

Usisahau `--recurse-submodules`. Ikoni, brashi na picha nyingine za GIMP zimehamishiwa hazina yake, `gimp-data`, na bila hiyo Meson inagoma mwanzoni kabisa. Aliyekwisha kusahau aingie ndani ya folda aseme `git submodule update --init`. Faili la tar.xz limeshabeba kila kitu.

#4 Kitasa

Wakuu, babl imepita. GEGL inakwama hivi:

```
Couldn't find include 'Babl-0.1.gir' (search path: '['/usr/local/share/gir-1.0', '/usr/share/gir-1.0', ...
```

`pkg-config` inaiona babl mpya vizuri. Mazingira nimeyapakia. Folda ya `~/gimp3/share/gir-1.0` haipo kabisa.

#5 BiTerminali

Kaka Kitasa, jibu liko kwenye sentensi yako ya mwisho. Faili la `.gir` ni maelezo ya maktaba kwa ajili ya lugha nyingine kama Python. Babl hulitengeneza wakati wa kujengwa iwapo tu `g-ir-scanner` ipo. Bila shaka `libgirepository1.0-dev` na `gobject-introspection` viliingia baada ya babl kusanidiwa. babl haikulalamika, iliruka tu sehemu hiyo.

Rudi kwenye babl, futa `_build` yote, anza upya na `meson setup`. Usijaribu `ninja` juu ya `_build` ile ile, kwani Meson inakumbuka majibu ya ukaguzi wa kwanza, na `PKG_CONFIG_PATH` yenyewe huisoma mara ya kwanza tu. Kila unapobadilisha kitu kwenye mazingira au kuongeza maktaba ya mfumo, `rm -rf _build` ndiyo njia ya salama.

Kwa wengine: kama folda ya `gir-1.0` ipo ndani ya `~/gimp3/share` na kosa ni lile lile, tatizo ni `XDG_DATA_DIRS`. `g-ir-scanner` inatafuta kupitia kigeu hicho, haitumii `PKG_CONFIG_PATH`. Tazama njia zilizoorodheshwa kwenye kosa lenyewe: folda yako isipokuwamo, mazingira hayakupakiwa kwenye terminali hiyo.

Tukiwa hapo hapo kwenye vigeu: kuna `PKG_CONFIG_PATH` na kuna `PKG_CONFIG_LIBDIR`. Ya kwanza inaongeza mahali pa kutafuta, ya pili inafuta mahali pote pa kawaida na kubakisha ulipopataja. Mtu akikosea jina hilo, ghafla hata glib haipatikani.

#6 Kitasa

Imepita, asante dada. Swali la GEGL: mwishoni mwa `meson setup` kuna jedwali refu lenye `NO` nyingi. Zipi za kupuuza?

#7 BiTerminali

Jedwali hilo ndilo la kusoma kuliko kitu kingine chochote kwenye skrini. Maktaba nyingi za GEGL ni za hiari: isipoikuta, inaizima sehemu hiyo bila kelele na kuendelea. `NO` ya lensfun au ya umfpack haitakuzuia kitu. Lakini cairo, pango, GObject introspection na maktaba za picha za kawaida, yaani png, jpeg na tiff, zikisema `NO`, rudi uweke kifurushi cha `-dev` kinachohusika.

Ubaya wake ni kwamba kosa hilo halionekani wakati wa kujenga. GIMP itakompaili hadi mwisho, utaiwasha, kisha itakuambia inahitaji operesheni fulani ya GEGL na haipatikani, inajizima. GIMP inakagua orodha ya operesheni za lazima kila inapowaka. Ukiona ujumbe huo usiiguse GIMP, jenga GEGL upya.

#8 MkaziWaUbungo

Wakuu, niongezee upande wa mashine ndogo, maana wengi wetu tuna kompyuta za mezani zilizotumika, RAM GB 4, viini 4.

Ninja isipoambiwa huendesha kazi kwa idadi ya viini ikiongezwa 2. Kwa viini 4 hizo ni kompaila 6 kwa wakati mmoja. GIMP, GEGL na babl karibu zote ni C, kwa hiyo kila kazi inakula kumbukumbu kidogo, lakini ukiwa na kivinjari chenye tabo kumi pembeni, mashine itagoma. Tumia:

```
ninja -C _build -j3
```

Ukiona mstari wa namna ya `fatal error: Killed signal terminated program cc1`, huo si ugonjwa wa msimbo. Mfumo umeishiwa RAM na umeua kompaila. Thibitisha kwa `sudo dmesg | grep -i oom`. Punguza `-j`, na kama swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ni ndogo ongeza:

```
sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

Mwenye mpango wa kukompaili Inkscape baada ya hapa aelewe kwamba hesabu inabadilika. Ile ni C++ yenye templeti nzito, kazi moja ya `cc1plus` inaweza kumeza zaidi ya GB 1. Kwa RAM ya GB 4 nenda na `-j1` au `-j2`, funga kivinjari. Inkscape nayo inatumia CMake, haitumii Meson, na ina submodule zake, ikiwemo lib2geom, hivyo `--recurse-submodules` ni lazima huko pia.

Weka na `ccache` (`sudo apt install ccache`) kabla ya kusanidi. Meson ikiikuta inaitumia yenyewe bila kuambiwa. Mara ya kwanza huoni faida. Mara ya pili, ukifuta `_build` kama dada alivyoshauri, mafaili yasiyobadilika yanapita haraka mno.

#9 TuxWaKiunguja

Na umeme ukikatika katikati ya `ninja`?

#10 MkaziWaUbungo

Rudia amri ile ile tu, mkuu. Ninja inaweka kumbukumbu ya ilichomaliza na itaendelea ilipoishia. Shida hutokea kwa mafaili yaliyokuwa yanaandikwa wakati ule: unaweza kukuta `.o` yenye ukubwa wa sifuri ambayo ninja inaiona imekamilika. Baadaye hatua ya kuunganisha inakataa kwa `file format not recognized`. Dawa:

```
find _build -name '*.o' -size 0 -delete
ninja -C _build -j3
```

Ikirudia na faili lina ukubwa lakini limeharibika, lifute kwa jina lililotajwa kwenye kosa.

Kuna lingine linaloendana na umeme na mashine za zamani: betri ya saa kwenye ubao mama. Ikifa, kompyuta ikizimwa ukutani inawaka na tarehe ya miaka iliyopita. Mafaili uliyoyafungua jana yanaonekana ni ya kesho kutwa, na Meson inasimama:

```
ERROR: Clock skew detected. File ... has a time stamp ... in the future.
```

Kwa sasa hivi `sudo timedatectl set-ntp true`, mtandao ukiwepo saa inajirekebisha. Kama mafaili yalishapata tarehe mbaya, yaguse upya: `find . -exec touch {} +` ndani ya folda ya msimbo. Dawa ya kudumu ni betri mpya, CR2032 kwa mashine nyingi za mezani, inabadilishwa bila hata bisibisi ukishafungua kasha. Saa mbovu inavunja pia ukaguzi wa vyeti vya https, kwa hiyo `wget` na `git` zikilalamikia cheti, angalia `date` kabla hujalaumu mtandao.

#11 Mwanamitindo_NRB

Habari zenu. Kwangu ujenzi umeisha bila kosa hata moja. Nikiiwasha kutoka kwenye menyu ya programu haifunguki, nikiiwasha kwenye terminali mpya inasema:

```
gimp-3.0: symbol lookup error: gimp-3.0: undefined symbol: gegl_...
```

Kwenye terminali niliyojengea inafunguka vizuri.

#12 SeremalaWaKodi

Karibu ndugu. Terminali ya kujengea ina mazingira, hiyo mpya na menyu havina. Binari yako imejengwa kwa GEGL mpya, lakini ikiwaka bila `LD_LIBRARY_PATH` inabeba `libgegl` ya Debian, ambayo haina kazi inayotafutwa. Hakikisha mwenyewe kwenye terminali zote mbili:

```
ldd ~/gimp3/bin/gimp-3.0 | grep -E 'gegl|babl'
```

Njia lazima ianze na `/home/...`. Tengeneza skripti ya kuwashia, `~/.local/bin/gimp3`:

```
#!/bin/sh
. "$HOME/mazingira-gimp3.sh"
exec gimp-3.0 "$@"
```

Ipe ruhusa kwa `chmod +x`. Kisha nakili faili la `.desktop` kutoka `~/gimp3/share/applications` kwenda `~/.local/share/applications`, ulibadilishe mistari ya `Exec=` na `TryExec=` ielekee kwenye skripti hiyo kwa njia kamili. Alama `%U` mwishoni mwa `Exec` iache, ndiyo inayopokea picha unapobofya kulia na kuchagua kufungua kwa GIMP.

Hilo la maktaba linaweza kukupata hata kabla ya kusakinisha. Ujenzi wa GIMP 3 unaita GIMP yenyewe, ile iliyotoka kukompailiwa, kutengeneza baadhi ya picha zake. Ukikompaili bila mazingira, mafaili yote ya C yatapita kisha itafia kwenye hatua ya picha, na kosa litaonekana kama la picha kumbe ni la maktaba.

#13 Mwanamitindo_NRB

Sawa kabisa, `ldd` ilionyesha `/lib/x86_64-linux-gnu`. Sasa inawaka kwa skripti. Imebaki mbili. Nikibonyeza kufungua faili, programu nzima inaanguka na maneno `No GSettings schemas are installed on the system`. Pili, plagini za Python hazionekani kwenye menyu.

#14 BiTerminali

La kwanza: faili lako la mazingira linasema nini kwenye mstari wa `XDG_DATA_DIRS`? Dirisha la kuchagua faili la GTK 3 linasoma mipangilio yake kutoka `/usr/share/glib-2.0/schemas`, na njia hiyo inapatikana kupitia kigeu hiki. Kama umeandika `"$PREFIX/share"` peke yake, au `"$PREFIX/share:$XDG_DATA_DIRS"` kwenye mashine ambayo kigeu hicho kilikuwa tupu, basi `/usr/share` imetoweka, na GLib isipokuta mpangilio inaizima programu papo hapo. Ndiyo maana Seremala aliandika ile sehemu ya `:-/usr/local/share:/usr/share`. Inakili ilivyo, na alama zake.

La pili: washa GIMP kutoka terminali usome mistari ya mwanzo. Ukiona `ValueError: Namespace Gimp not available`, `GI_TYPELIB_PATH` haielekei mahali sahihi, tazama kama `Gimp-3.0.typelib` ipo ndani ya `~/gimp3/lib/girepository-1.0`. Ukiona `No module named 'gi'`, `python3-gi` haipo, au unatumia Python ya mazingira pepe kama venv au conda ambayo haioni moduli za mfumo. Toka kwenye mazingira pepe kabla ya kusanidi GIMP, kwa sababu njia ya Python inakaguliwa wakati huo.

Na plagini zako za 2.10 zilizoandikwa kwa Python 2 hazitafanya kazi hata njia zikiwa sahihi. GIMP 3 imeacha `gimpfu`, sasa ni Python 3 kupitia GObject introspection. Zinaandikwa upya, hazihamishwi. Halafu kila plagini inakaa kwenye folda yake yenye jina sawa na faili, mfano `plug-ins/kivuli/kivuli.py`, na faili liwe na ruhusa ya kuendeshwa. Ikikaa nje ya folda inapuuzwa.

#15 Mwanamitindo_NRB

Ilikuwa mstari huo wa `XDG_DATA_DIRS`, nilifupisha. Na conda ilikuwa imewashwa. Zote zimekaa sawa, asanteni sana.

#16 MalengaMtafsiri

Wakuu, #3 mmegusia tafsiri. Naomba hatua za kuongeza Kiswahili na kukiona kwenye dirisha, siyo kwenye kihariri cha faili za tafsiri (po) tu.

#17 SeremalaWaKodi

Hii ndiyo kazi ningependa wengi waifanye humu, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

GIMP haina faili moja la maneno. Ina folda kadhaa: `po` ya programu yenyewe, `po-libgimp`, `po-plug-ins`, `po-script-fu`, `po-python` na nyinginezo. Anza na `po`. Kwanza tazama jina la lengo la kuzalisha kiolezo, kisha lizalishe:

```
ninja -C _build -t targets all | grep -e '-pot'
ninja -C _build gimp30-pot
msginit -i po/gimp30.pot -o po/sw.po -l sw
```

Kama `sw.po` imeshakuwepo kwenye folda, usiifute kwa `msginit`. Ipatanishe na kiolezo kwa `msgmerge -U po/sw.po po/gimp30.pot`, kazi ya aliyetangulia ibaki.

Ongeza `sw` kwenye faili `po/LINGUAS`, baada ya `sv`. Bila mstari huo faili lako halikompailiwi, na hakuna onyo lolote. Kwenye kichwa cha `sw.po`, mstari wa wingi uwe `nplurals=2; plural=(n != 1);`. Ni wa lazima kwetu: tabaka 1, matabaka 3.

Kabla ya kila ujenzi:

```
msgfmt -c --statistics -o /dev/null po/sw.po
```

`-c` inakamata kosa baya kuliko yote: `%s` au `%d` iliyopotea au kubadilishwa nafasi. Hiyo haiharibu sentensi tu, inaweza kuiangusha programu. Kiswahili mara nyingi kinadai kugeuza mpangilio, na hapo unatumia `%1$s` na `%2$s` ili kila thamani ijue mahali pake.

Alama ya chini kwenye `_File` ndiyo herufi inayopigiwa mstari na kufunguka kwa Alt. Kwenye menyu kuu chagua herufi zisizogongana. Maneno yetu mengi ya vitendo yanaanza na `K` ya `ku-`, kwa hiyo menyu ikiandikwa Kufungua, Kuhifadhi, Kufunga, herufi zote zinagombana na macho hayapati pa kushika. Tumia Fungua, Hifadhi, Funga, kisha weka alama kwenye herufi inayotofautisha: `_Fungua`, `_Hifadhi`, `Fu_nga`.

Jenga, sakinisha, washa:

```
ninja -C _build install
LANGUAGE=sw LANG=sw_TZ gimp-3.0
```

#18 MalengaMtafsiri

Nimefuata yote. `sw.po` imekompailiwa na `gimp30.mo` naiona ndani ya `~/gimp3/share/locale/sw/LC_MESSAGES`. Bado inawaka kwa Kiingereza.

#19 BiTerminali

Ndugu Malenga, piga `locale` kisha `locale -a | grep sw`. Kama `sw_TZ` haimo kwenye orodha, gettext, inayoleta tafsiri, inaangukia kwenye lokali ya C (mpangilio wa lugha wa msingi), na ikiwa kwenye C inaipuuza `LANGUAGE` kabisa. `sudo dpkg-reconfigure locales`, weka alama kwenye `sw_TZ UTF-8` au `sw_KE UTF-8`, maliza, jaribu tena. Angalia pia kama `LC_ALL` imewekwa mahali fulani, maana hiyo inaishinda `LANG`. Iondoe kwa `unset LC_ALL`.

#20 MalengaMtafsiri

Lokali haikuwepo. Sasa menyu kuu ni Kiswahili. Ila majina ya vichujio, yale ya ukungu na upotoshaji, mengi bado ni Kiingereza hata niliyoyatafuta ndani ya `po-plug-ins` sikuyakuta.

#21 SeremalaWaKodi

Hayamo GIMP. Vichujio vingi vya GIMP 3 ni operesheni za GEGL, na majina yake pamoja na maelezo ya vitelezi vinakaa kwenye folda ya `po` ya GEGL. Rudia hatua zile zile huko: kiolezo, `sw.po`, `LINGUAS`, `ninja install`. Hakuna haja ya kuijenga GIMP upya, inasoma maneno ya GEGL inapowaka. Usijaze yote kwa mkupuo. Anza na vichujio unavyovijua kwa kuvitumia, kwa sababu neno moja kama `radius` ni nusu kipenyo kwenye ukungu, na ukikutana nalo kwenye kichujio kingine, kisogeze kitelezi uone kinafanya nini kwenye picha kabla hujaandika.